Kuku wa Moshi: Ngozi Isiwe Kama Mpira



Leo tutajifunza jinsi ya kutengeneza kuku wa moshi mwenye ngozi kavu, yenye rangi nzuri, na inayovunjika kwa meno. Huenda utasema, "Somo gani hili? Kupika kuku tunajua tangu utotoni." Ni kweli. Lakini kwanza soma habari ya kikundi kimoja cha akina mama. Walijua kupika, na bado walipata hasara.

YALIYOTOKEA MNADANI

Kikundi hicho kipo katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Viktoria. Kina wanachama tisa. Wengi wao walijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la kisomo chini ya mwembe. Kwa miaka mingi kazi yao ilikuwa kukausha samaki kwa moshi na kuwauza. Bei ya samaki ilipopanda, wakakaa kikao. Wakasema, "Tujaribu kuku. Moshi tunaujua."

Siku ya mnada walipeleka kuku 12. Kwa macho kuku wale walikuwa wazuri. Walikuwa na rangi ya kahawia na walinukia. Watu wakanunua upesi. Baada ya muda mfupi akarudi kijana mmoja, utingo wa lori, ambaye alinunua kuku mzima pamoja na wenzake. Mkononi ameshika paja, na ngozi inaning'inia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Samahani, mama. Hii ni ngozi ya kuku au kandambili?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kikundi hakucheka. Alimrudishia fedha zake. Kabla jua halijazama, wateja wengine watatu walirudi na kuku wao. Mmoja wao alisema neno zito kuliko la kandambili. Alisema, "Mama, huku karibu na mfupa kuna damu. Hii nilikuwa nampa mtoto."

Kesho yake jioni mwenyekiti alikuja darasani na daftari la kikundi. Akalifungua mbele yangu, akasema, "Mwalimu, mmetufundisha kusoma na kuandika. Hili nalo limeandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwendea bwana mifugo, nikamwendea na mhudumu wa afya, nikasoma. Kisha tukafanya majaribio pamoja, mimi na wanakisomo. Yale tuliyojifunza ndiyo somo la leo.

HESABU YA HASARA

Tuanze na daftari. Hesabu zilikuwa hivi:

Kununua kuku 12, kila mmoja shilingi 15,000: shilingi 180,000.
Kuni, chumvi na ushuru wa mnada: shilingi 12,000.
Jumla ya matumizi: shilingi 192,000.

Kama kuku wote 12 wangeuzwa kwa shilingi 22,000 kila mmoja, wangepata shilingi 264,000. Ukitoa matumizi, faida ingekuwa shilingi 72,000.

Lakini kuku 4 walirudishwa. Waliobaki ni 8. Mara shilingi 22,000, ni shilingi 176,000. Matumizi yalikuwa shilingi 192,000. Kwa hiyo walipoteza shilingi 16,000, mbali na jasho lao la siku mbili.

Ona, ndugu msomaji. Kuku wanne tu waliorudi walikula faida ya wote, wakaanza kula na mtaji.

KUKU SI SAMAKI

Kosa la akina mama lilikuwa nini? Walimtengeneza kuku kwa njia ya samaki. Moto mdogo, kuni mbichi ili moshi uwe mwingi, na muda mrefu. Kisha wakamfunika ili asipoe.

Samaki wa moshi anakaushwa mpaka maji mengi yatoke mwilini. Ndiyo maana huwa mwepesi, na ndiyo maana hudumu. Mlaji naye hamnunulii ngozi. Kuku wetu si hivyo. Tunataka nyama yake ibaki laini na yenye maji, lakini ngozi yake iwe kavu. Yaani tunataka mambo mawili yanayopingana katika kuku mmoja. Ili tuweze, lazima tuijue ngozi.

NGOZI YA KUKU INA NINI?

Ngozi ya kuku ina vitu vitatu vikubwa.

Kwanza, ina maji. Maji yakiwa juu ya ngozi, moto unafanya kazi ya kuyakausha kwanza. Ni kama nguo mbichi juani: haikauki mpaka maji yaishe. Maji huchemka kwenye joto la nyuzi 100 hivi. Ngozi yenye maji haiwezi kupata joto la kupita hapo. Na ngozi inahitaji joto la kupita hapo ili igeuke rangi na kuwa kavu. Ndiyo maana nyama ya kuchemsha haina ukoko hata ukiichemsha kutwa nzima.

Pili, ina mafuta. Mafuta haya yamekaa chini ya ngozi, kati ya ngozi na nyama. Lazima yayeyuke na yapate njia ya kutoka. Yasipotoka, ngozi inateleza na kuvutika.

Tatu, ina nyuzi ngumu. Nyuzi hizi ni ndugu na zile zilizomo katika kongoro. Wote tunajua kongoro. Likipata joto kidogo, linakuwa gumu na linavutika. Likipata joto la kutosha kwa muda wa kutosha, linalainika, na mchuzi wake ukipoa unaganda. Ngozi ya kuku ni hivyohivyo. Moto mdogo unaikaza tu. Inakuwa mpira. Moto wa kutosha unazilainisha nyuzi, halafu joto kali la mwisho linaikausha ile ngozi iliyolainika. Hapo ndipo inavunjika kwa meno.

Basi tukumbuke: moshi unaleta ladha, moto unaleta ngozi. Ni kazi mbili, na kila moja ina zamu yake.

MAJARIBIO YETU

Tulichukua kuku watatu wa umri mmoja. Mwanakisomo mmoja aliandika matokeo ubaoni.

Kuku wa kwanza tulimweka kwenye moshi wa moto mdogo kwa muda wa saa tatu, kama samaki. Alinukia vizuri. Ngozi ilivutika kama mpira. Hakuna aliyeshangaa.

Kuku wa pili tulimweka moja kwa moja juu ya makaa makali. Kwa dakika 15 ngozi ilikuwa nyeusi. Tulipomkata pajani, ndani alikuwa mbichi. Ladha ya moshi hakuna.

Kuku wa tatu tulimkausha kwanza kwa kitambaa, tukampaka chumvi, tukampa moshi kwa moto wa wastani mpaka akakaribia kuiva. Kisha tukammalizia juu ya makaa makali kwa dakika chache. Ngozi ilikatika kwa sauti, kama dagaa wa kukaanga. Nyama ilikuwa laini.

Halafu yule mwenyekiti akasema, "Ngojeni. Sisi siku ile tulimfunika." Akamkata kuku wa tatu vipande viwili. Kimoja akakiweka juu ya waya, wazi. Cha pili akakitia ndani ya sufuria, akafunika. Baada ya dakika 15 tukafunua. Mfuniko ulikuwa unatiririka maji. Ngozi ya kipande kile ilikuwa imelegea kabisa. Kipande cha juu ya waya kilikuwa bado kikavu.

Jamani, kumbe kuku huweza kuharibika baada ya kupikwa vizuri. Jaribio hilo halikuwa langu. Lilikuwa la mwanakisomo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chagua kuku mchanga

Kuku mzee ana ngozi ngumu na nyuzi zilizokomaa. Huyo mchemshe, mchuzi wake ni mtamu. Kwa kuku wa moshi, chukua tetea au jogoo mchanga, au kuku wa nyama. Kuku mgonjwa, au aliyekufa mwenyewe, hafai kwa moshi wala kwa kuchemsha. Moshi haumsafishi kuku mbovu.

2. Mnyonyoe kwa maji ya moto, si ya kuchemka

Maji yanayochemka yanaipika ngozi, nayo inachanika wakati wa kunyonyoa. Ngozi iliyochanika haikauki sawasawa. Chukua sufuria moja ya maji yanayochemka, changanya na sufuria moja kama hiyo ya maji ya kawaida. Utapata joto la nyuzi 60 hivi. Mtumbukize kuku kwa dakika moja, kisha jaribu manyoya ya bawa. Yakitoka bila kuvutwa kwa nguvu, mtoe.

3. Mpasue mgongoni na mtandaze

Toa matumbo, osha kwa maji safi. Pasua mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, kisha mfungue kama kitabu na kumkandamiza kifuani mpaka alale. Kuku aliyetandazwa anaiva sawasawa, na ngozi yake yote inatazama upande mmoja. Kuku mzima wa mviringo ana mapaja yanayochelewa na kifua kinachowahi.

Kisu na ubao uliokatia kuku mbichi, vioshe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari au kuku aliyeiva. Na mikono pia.

4. Kausha ngozi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Mfute kuku kwa kitambaa safi na kikavu, nje na ndani, mpaka kitambaa kisilowe tena. Kitambaa hicho kifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kutumika tena.

Pitisha vidole chini ya ngozi ya kifua na mapaja ili iachane kidogo na nyama. Kwa ncha ya kisu safi, toboa ngozi sehemu zenye mafuta mengi. Usiichome nyama. Matundu hayo ndiyo mlango wa mafuta.

Paka chumvi. Kuku wa kilo moja na kidogo anatosha vijiko viwili vya chai, vilivyosawazishwa juu. Chumvi inavuta maji na pia inaleta ladha.

Kisha mtundike kivulini penye upepo, ndani ya chandarua au wavu, ili nzi wasimguse. Asikae zaidi ya saa moja. Nyama mbichi ikikaa nje kwenye joto, vijidudu vinazaliana upesi. Mwenye jokofu anaweza kumweka humo usiku kucha bila kumfunika, rafu ya chini, mbali na vyakula vilivyoiva. Ngozi itakauka vizuri zaidi.

Na viungo je? Kitunguu saumu, tangawizi na pilipili vipake upande wa ndani, upande wa nyama. Usiloweshe ngozi kwa ndimu. Ndimu mkamulie mlaji mezani. Sukari na asali usipake: zinaungua kabla ngozi haijakauka.

5. Tengeneza jiko

Jiko la matofali ya udongo linafaa. Pipa la chuma lililokatwa nalo linafaa. Lakini pipa lililowahi kukaa dawa ya pamba, rangi au kemikali yoyote lisitumike kabisa, hata ukiliosha mara kumi. Kwa wavu wa juu, tumia nondo nyembamba au waya wa chuma tupu. Usitumie wavu wa mabanda ya kuku unaong'aa. Ule umepakwa madini ya zinki, na kwenye moto mkali yanaweza kutoka na kuingia katika chakula.

Panga moto upande mmoja wa jiko. Kuku akae upande wa pili, ngozi juu. Chini yake weka sinia kuukuu la kukinga mafuta. Mafuta yakidondokea kwenye moto yanatoa moshi mchafu. Moshi huo na masizi yake vina vitu vinavyoweza kuleta saratani mtu akivila mara kwa mara.

6. Toa moshi kwa kuni kavu

Hapa akina mama walibisha sana. "Mwalimu, kuni kavu haitoi moshi!" Inatoa, lakini si ule mzito. Kuni mbichi inatoa moshi mweupe mzito pamoja na mvuke. Mvuke ni maji. Umekausha ngozi kwa kitambaa, halafu unailowesha tena kwa mvuke! Isitoshe, moshi mzito unaacha uchungu na masizi. Moshi mzuri ni mwembamba, wa rangi ya samawati kidogo.

Kuni za mpera, mchungwa na mgunga zinafaa. Magunzi makavu ya mahindi nayo yanafaa sana, na hayana gharama. Usitumie msonobari wala mkaratusi, kwa sababu ya utomvu na mafuta yake. Usitumie mbao zilizopakwa rangi au dawa. Usiwashe kwa plastiki wala mafuta ya taa.

Acha tundu la juu wazi ili mvuke utoke. Jiko lililozibwa kabisa ni sufuria lenye mfuniko.

7. Zamu ya kwanza: moshi na moto wa wastani

Utajuaje moto ni wa wastani bila kipimo? Weka kiganja juu ya wavu, mahali pa kuku, bila kugusa chuma. Hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Ukilazimika kuondoa mkono ulipofika 6 au 7, moto ni wa wastani. Ukiweza kufika 12 na zaidi, moto ni mdogo mno. Huo ndio moto wa mpira. Tena ni hatari, maana nyama inakaa katika uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda.

Kuku mchanga aliyetandazwa anachukua kama saa moja hapa. Usifungue jiko kila mara. Kila ukifungua, joto linatoka.

8. Zamu ya pili: makaa makali

Paja likikaribia kuiva, toa kuni zinazotoa moshi. Ondoa sinia la mafuta. Sambaza makaa mekundu. Sasa mkono wako usiweze kupita hesabu ya 3 au 4. Mgeuze kuku, ngozi ielekee makaa. Simama hapohapo. Usiende kuchota maji, usimwachie mtoto. Mafuta yatadondoka na moto utaruka. Ukiruka, msogeze kuku pembeni, utulie, umrudishe. Baada ya dakika 5 hadi 8 ngozi itakuwa ya kahawia na itatoa sauti ukiigonga kwa ukucha.

9. Hakikisha ameiva ndani

Soma hapa mara mbili. Ngozi si shahidi wa nyama. Ngozi inaweza kuwa kavu na nzuri, na karibu na mfupa nyama ikawa mbichi. Nyama mbichi ya kuku inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta kuhara, kutapika na homa. Kwa mtoto mdogo, mzee au mama mjamzito, kuhara huko kunaweza kuua.

Kata kwenye kiungo cha paja, mahali panapochelewa kuiva. Nyama iachane na mfupa kwa urahisi. Isiwe na wekundu wa kuteleza. Majimaji yake yawe meupe. Kama una shaka, mrudishe jikoni, upande wa moto wa wastani.

Njia ya uhakika zaidi ni kipimajoto cha chakula. Kichome pajani, penye nyama nene, bila kugusa mfupa. Kikisoma nyuzi 74 au zaidi, kuku ameiva. Kipimajoto kimoja kinatosha kikundi kizima. Na kusoma namba zake si kazi kwako sasa.

10. Usimfunike

Mweke juu ya waya, hewa ipite chini na juu. Kuzuia nzi, tumia wavu au chandarua, si sufuria wala mfuko. Anayemtia kuku wa moto ndani ya chombo kilichofunikwa anampika upya kwa mvuke. Ukimfungia mteja, tumia karatasi safi isiyoandikwa, na uiache wazi kidogo. Magazeti yasifungie chakula, hata hili letu. Wino si kiungo.

KUKU HUYU HADUMU

Wengi wanaamini kwamba kitu kilichopita kwenye moshi kinakaa siku nyingi. Hiyo ni kweli kwa samaki aliyekaushwa mpaka akawa mwepesi. Kuku wetu bado ana maji mengi ndani. Moshi umempa harufu tu, haukumpa ulinzi.

Kwa hiyo kuku wa leo aliwe leo. Akishaanza kupoa, asikae nje kupita muda wa saa mbili. Siku ya joto kali sana, saa moja. Kwa muuzaji, njia nzuri ni hii: malizia zamu ya kwanza nyumbani mpaka nyama iive kabisa, mpeleke sokoni akiwa bado wa moto, na zamu ya pili uifanye palepale mbele ya mteja. Ngozi inakauka mteja akiona. Harufu nayo inaita wengine.

WALIVYOFANYA BAADAYE

Wiki iliyofuata akina mama walipeleka kuku 8 tu. Walikuwa na jiko la mkaa, waya, chandarua na karatasi safi. Kila kuku alikatwa kwenye kiungo cha paja mbele ya mnunuzi ili aone mwenyewe.

Yule utingo alikuja. Hakununua mara moja. Aligonga ngozi kwa ukucha, akasikiliza kama anayenunua chungu.

"Mama, leo kandambili zimekwisha?"

"Zimekwisha, baba. Leo kuna kuku."

Kuku wote 8 waliuzwa na hakuna aliyerudishwa. Jioni ile mwenyekiti alitoa daftari akaandika mwenyewe, bila kuniita. Chini ya hesabu aliongeza mstari mmoja: "Tusifunike."

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Sisi nasi tufanye hivyo. Kusoma hatua kumi hakutoshi. Chukueni kuku mmoja, jaribuni, andikeni mlichokiona.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kutandaza: kufungua kitu kikalala bapa.
Mvuke: maji yaliyogeuka hewa kwa joto.
Masizi: uchafu mweusi unaoachwa na moshi.
Kipimajoto: chombo cha kupimia joto.
Mtaji: fedha za kuanzia biashara.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini ngozi yenye maji haiwezi kuwa kavu hata ikikaa motoni muda mrefu?
2. Kuku wa pili katika majaribio aliungua nje na kubaki mbichi ndani. Ungefanya nini ili kuzuia hilo?
3. "Ngozi si shahidi wa nyama." Elezeni maana yake kwa mtu ambaye hakusoma somo hili.
4. Katika kijiji chenu, ni kuni zipi zinazofaa kwa moshi, na zipi hazifai? Andikeni orodha mbili.
5. Hesabu: Kikundi kilinunua kuku 8 kwa shilingi 15,000 kila mmoja. Matumizi mengine yalikuwa shilingi 10,000. Kuku wote waliuzwa kwa shilingi 22,000 kila mmoja. Faida ni shilingi ngapi? Kama angerudishwa kuku mmoja, faida ingebaki ngapi?

(Majibu ya swali la 5: shilingi 46,000, shilingi 24,000.)